Kabla hujapanda ua hata moja msimu huu, kaa kwenye kiti cha magurudumu uizunguke bustani yako

Kiti_na_Koleo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Baridi imeanza kulegea, machipukizi ya kwanza yametoboa udongo, na najua humu ndani kuna watu mikono inawawasha kushika koleo. Mimi pia. Ila mwaka huu naanza kinyumenyume, na sababu ni hii.

Majira ya kuchipua yaliyopita bustani yangu ilipendeza, wacha nijisifu kidogo. Tulipu zimesimama mistari, benchi limepigwa rangi, njia nimeimwagia changarawe mpya nyeupe. Nikamwalika shangazi yangu aje ashinde nami. Shangazi alipata kiharusi, anatembelea kiti cha magurudumu. Getini tumefika vizuri. Tukaingia kwenye changarawe. Hatua mbili tu, yale magurudumu madogo ya mbele yakazama, kiti kikainama kama ng'ombe anayepiga magoti, nusura shangazi aanguke kifudifudi. Kurudi nyuma, yakazama na makubwa. Mwisho tukambeba, mimi na binamu yangu, kama watu wanaohamisha kochi. Akasema, "Jamani niwekeni hapa hapa, nitayaona kwa mbali." Akakaa kwenye kipande cha zege karibu na geti mchana kutwa, maua yako mita 15 mbele yake. Hakulalamika. Afadhali angelalamika.

Basi juzijuzi, theluji ya mwisho ilipoyeyuka, niliazima kiti cha magurudumu, nikakaa, nikajiambia leo sina miguu. Nikashika chaki. Kila niliponasa, naweka alama chini.

Alama ya kwanza niliiweka kabla sijaingia: geti lina upana wa sentimita 74. Kiti kinapita, ila vidole vyangu havikupita, vimechubuka mpaka leo. Ya pili, mpira wa maji niliouacha umelala njiani tangu msimu uliopita. Ukiwa na miguu unaurukia wala hukumbuki kama umeurukia. Ya tatu, bomba liko nyuma ya mwaridi, na ule mwaridi ulinipiga shavuni. Ya nne ndiyo iliyonishangaza: ukikaa, macho yako kwenye mita 1.1 au 1.2 kutoka chini. Ule ua wa vichaka niliojivunia kuupogoa umenyooka sawasawa kwenye kimo hicho hicho. Yaani mwaka mzima nimekuwa nikimwonyesha shangazi mashina.

Alama zilifika 11, na bustani yenyewe ni ya hatua 40 tu.

Shangazi atakuja tena baada ya wiki sita. Nataka akute kazi imekwisha, nimfanyie mshangao. Nianze wapi? Mwageni madini.

---

Dogo Mche

Uzi wa bustani bila picha, mkuu? Hata ya vidole vilivyochubuka basi.

---

FundiPimamaji

Mkuu, umefanya jambo ambalo wateja wangu wengi hawalifanyi hata nikiwabembeleza. Nichangie upande wa njia maana ndiyo kazi yangu.

Changarawe ya mviringo itoe. Usiipunguze, itoe. Zile kokoto ni kama gololi, haziumani, gurudumu likikanyaga zinakimbia pembeni. Unachotaka ni kokoto iliyosagwa, yenye kona kali, pamoja na vumbi lake. Mwaga sentimita 5, nyunyizia maji, shindilia mpaka kisigino cha kiatu kisiache alama. Kisha 5 nyingine, shindilia tena. Watu wanamwaga 10 kwa mkupuo mmoja kwa uvivu, juu panakuwa pagumu na chini pamelegea, mvua mbili tu njia imetoboka. Pembeni weka kingo za mbao au matofali, la sivyo yote itatambaa kwenda kwenye majani.

Upana: sentimita 90 ndiyo mwisho wa kubana. Mimi huwa nasema 120, maana mwenye kiti anahitaji mtu wa kutembea naye ubavuni, si wa kumsukuma tu kwa nyuma wakizungumza kisogo kwa uso. Pa kugeuzia acha duara la sentimita 150.

Sasa mteremko, hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kiwango cha Marekani kwa watu wenye ulemavu kinaruhusu 1 kwa 12, maana yake kila sentimita 1 ya kupanda unahitaji 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 18 kinataka njia ya sentimita 216. Lakini jaribu mwenyewe kupanda hiyo 1 kwa 12 kwa mikono yako, uone mabega yanavyokwambia. Kwa bustani, pakiwepo nafasi, tumia 1 kwa 20. Hapo kizingiti hicho hicho kitakula mita 3.6, ila mzee atapanda bila kuhema.

Kitu kimoja cha mwisho: njia isilale sawa kabisa. Ipe mwinamo wa upande, sentimita 2 kwa kila mita, maji yaondoke. Ukizidisha hapo, kiti kitakuwa kinavutwa upande mmoja muda wote, inachosha kuliko mlima.

---

Mwananyasi

Sijapenda kupinga watu ila naona tunakuza mambo. Mimi kwangu hakuna mgeni wa kiti cha magurudumu. Ni mimi, mke wangu na watoto. Nibomoe njia nzuri kwa ajili ya mgeni ambaye hajazaliwa?

---

Magongo Mawili

Mwananyasi, hilo swali nililiuliza mimi miaka sita iliyopita nikiwa na miguu yote miwili mizima. Tuliache hapo.

Mleta uzi, mimi natembelea magongo. Watu mkisikia bustani ifikike kwa wote mnawaza kiti cha magurudumu tu. Sisi wa magongo tuna adui mwingine: utelezi. Vigae vikikaa kivulini msimu mzima wa baridi vinaota ule utando wa kijani. Ukiwa na viatu huuoni. Ncha ya gongo ni kipande cha mpira kidogo kama kifuniko cha chupa, na mwili wote umeegemea hapo. Nimeshaanguka hivyo, kwenye bustani ya rafiki, mbele ya wageni wenye vikombe mikononi. Hakuna aibu kama hiyo, kila mtu anataka kukuinua kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza msimu huu ni brashi ngumu na maji. Ile mashine ya maji ya kasi itumie kwa adabu, inafukua mchanga ulio kati ya vigae kisha vinaanza kucheza. Chumvi usiguse, utaua mimea ya pembeni. Na ukishasugua, tazama juu: tawi gani linaleta kile kivuli? Punguza hilo tawi, jua liingie, la sivyo mwakani utasugua tena.

Kagua pia vigae kimoja kimoja. Barafu inayojijenga chini wakati wa baridi huvisukuma juu. Kigae kikiinuka nusu sentimita wewe huoni kitu, gongo langu linaona.

Na benchi lako, lina mikono? Benchi lisilo na sehemu ya kuegemea mikono ni mtego. Kukaa nitakaa, kuinuka ndiyo mtihani. Kalio likae sentimita 45 hadi 48 kutoka chini, liwe na mgongo, na miguu ya benchi iwe juu ya pagumu, si kwenye majani. Usiweke moja kubwa mwisho wa njia kama zawadi ya mshindi. Weka viti viwili vitatu vya kupumzikia njiani.

Halafu samahani, hili la mshangao sijalielewa. Kwa nini usimwite shangazi sasa hivi akiwa bado anaweza kukwambia, badala ya kumwita akiwa hana la kufanya ila kushukuru?

---

Kiti_na_Koleo

Magongo Mawili, ushauri wa benchi nimeuchukua, langu halina mikono kweli. La shangazi naomba uniachie, nataka kuona uso wake siku hiyo.

---

FundiPimamaji

Mwananyasi, nikujibu bila ugomvi. Kulikuwa na msanifu majengo Mmarekani, Ronald Mace, aliyeugua polio utotoni na kutumia kiti cha magurudumu. Ndiye aliyeeneza wazo la kusanifu kwa ajili ya watu wote, na mwaka 1997 yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina State walitoa kanuni saba za kazi hiyo. Hoja yao haikuwa kwamba tuwajengee walemavu njia yao ya pembeni. Walitaka njia iwe moja, imfae kila mtu. Nikuulize, toroli lako la samadi unalisukuma wapi? Na kigari cha mtoto? Njia ya kiti cha magurudumu ndiyo hiyo hiyo ya toroli.

---

Mwananyasi

Hapo kwenye toroli umenipata. Nina makovu ya kizingiti cha banda. Endeleeni.

---

Mama Mboji

Habari za humu. Mmezungumza njia, mimi niwaletee udongo.

Kwanza msikimbilie. Jua la siku tatu linatudanganya kila mwaka. Chota konzi ya udongo, ikamue. Likibaki donge linalong'aa, rudi ndani ukanoe vifaa. Donge likivunjika kwa kuligusa na kidole, ingia kazini. Ukikanyaga au kupitisha toroli kwenye udongo uliolowa unaufinya, hewa inatoka, na mizizi itakulipa kwa kudumaa hadi mwisho wa msimu. Yale mabua makavu ya mwaka jana nayo usiyafyeke yote siku ya kwanza. Kuna nyuki wa porini wamelala ndani ya mabua yenye uwazi. Subiri mchana ushike nyuzi 10 na kuzidi kwa siku kadhaa mfululizo.

Sasa matuta ya kuinuliwa, maana najua ndiko tunakoelekea. Nilijenga la kwanza kwa ajili ya mama mkwe, na nilikosea karibu kila kitu. Nililifanya pana, mita moja na nusu, likae ukutani. Mama mkwe akafikia nusu, ile nusu ya nyuma ikawa shamba la magugu, nikawa napalilia mimi nimelala kifua juu ya tuta kama mjusi. Aliyekaa anafikia kama sentimita 60 mbele yake, basi. Tuta la kufikiwa upande mmoja lisizidi hapo. La pande mbili, 120.

Kosa la pili ni mbao. Hesabu mwenyewe: tuta la mita 2 kwa 1, kimo sentimita 60, linabeba mita za ujazo 1.2 za udongo. Ukilowa, uzito unapita tani moja na nusu kirahisi. Mimi nilipiga misumari ya inchi mbili. Usiku wa mvua kubwa nikasikia kishindo, asubuhi nikakuta tuta limetapika udongo wote njiani na miche ya letasi iko juu kama haijui kilichotokea. Weka nguzo za kona zilizozama ardhini, funga ubao wa kushoto na wa kulia kwa waya au ubao wa kukatiza katikati, tumia skurubu ndefu.

Kimo kinategemea mtu. Kwa anayefanya kazi akiwa amekaa na tuta likiwa ubavuni mwake, sentimita 60 inafaa. Kwa anayetaka kuingiza magoti chini kama mezani, unajenga kihori chenye miguu, uwazi wa chini usipungue sentimita 70, kwa hiyo udongo unabaki kama sentimita 20. Hapo panda mnanaa, letasi, thaimu, vitu vya mizizi mifupi. Karoti ndefu utaonea. Kwa anayesimama lakini hawezi kuinama, inua tuta mpaka sentimita 80 au 90.

Faida ya matuta haya wakati huu wa mwaka ni kwamba yanapata joto mapema kuliko ardhi. Hasara, yanakauka upesi. Na kila mwaka udongo unashuka, ongeza mboji sentimita 5 hivi kabla ya kupanda.

---

Dogo Mche

Mama Mboji, "kama mjusi" imeniua. Swali: mimi nimepanga, siruhusiwi kuchimba wala kujenga. Ninafanyaje?

---

Mama Mboji

Mwanangu, vyungu vikubwa juu ya meza imara au juu ya matofali, na vibao vyenye magurudumu chini ya vile vizito. Uhakikishe tu havinyemelei njia, maana watu wa vyungu mna tabia ya kuongeza kimoja kimoja mpaka mlango haufunguki.

---

Pua Inaona

Salaam kwa wote, nasomewa uzi huu na simu yangu, kwa hiyo picha za Dogo Mche hazinihusu.

Mimi sioni. Kila ninapoalikwa bustanini, mwenyeji ananishika mkono na kunitembeza kwenye harufu. "Nusa hii. Nusa na hii." Wamepanda lavenda, yasmini, rozimari, mrehani na waridi pamoja wakidhani wamenifurahisha. Ndugu zangu, hizo ni redio tano zinaimba kwa mpigo. Harufu kwangu ni kibao cha barabarani. Weka rozimari mahali pamoja tu, pale njia inapokata kona, nikipita niipapase nijue nimefika kwenye kona. Lavenda iwe karibu na benchi na isijirudie kwingine. Mnanaa uwe karibu na bomba, utapenda unyevu wa hapo, ila ufungie kwenye chungu maana ukiuachia utateka nchi.

Maji yanayotiririka kidogo, au kengele ya upepo moja, nazo ni alama nzuri. Moja, nimesema.

Ukingo wa njia uwe umeinuka sentimita chache, fimbo yangu iugonge niufuate. Lakini fimbo inasoma chini tu, haijui kilichopo kifuani na usoni. Vile vikapu vya maua vya kuning'iniza, tawi lililoinama, dirisha la banda linalofunguka kwa nje, hivyo ndivyo vinavyotutoa damu. Juu ya njia pawe wazi mpaka mita mbili na ushee. Matawi ya majira haya ni ya kuangalia kila wiki, leo liko juu, Jumapili ijayo liko kwenye paji la uso wangu.

Na acheni kuhamisha viti. Bustani yangu naijua kwa hesabu ya hatua. Mtu akisogeza kiti mita moja "ili kipate jua", kwangu amehamisha nyumba.

---

Mlezi wa Babu

Mimi namtunza babu mwenye ugonjwa wa kusahau. Mambo mawili.

Njia iliyokatika ghafla humchanganya. Akifika mwisho, ukutani, anasimama, anahangaika, anaanza kuvuta matawi atoke. Tulipoifanya njia kuwa mzunguko, ikitoka mlangoni na kurudi mlangoni, utulivu ulirudi. Anazunguka, mlango anauona, anarudi mwenyewe. Hakuna haja ya kumfuata kama polisi. Mleta uzi, kama una nafasi, tengeneza mzunguko.

La pili, sakafu. Tulikuwa na kipande cha vigae vyeusi katikati ya vya kijivu, pambo tu. Babu alikuwa akifika hapo anagoma, anatanua mguu kama anaruka mtaro. Kwake kile kilikuwa shimo. Njia iwe rangi moja mwanzo mwisho. Tofauti ya rangi iweke pale unapotaka paonekane: benchi, mkono wa geti, ukingo wa ngazi.

Na kuhusu maua, macho ya wazee yanatia umanjano kwenye lenzi, rangi ya buluu na zambarau huwafifilia, zinaungana na kivuli. Babu alikuwa haoni kabisa kitanda changu cha maua ya zambarau. Tulipoweka njano na chungwa, akasimama na kusema, "Haya yalikuja lini?"

---

Shangazi Rozimari

Wanangu, mmesahau sumu. Mahali pa kupapasa na kunusa, ambapo watoto na wenye kusahau wanaweza kutia kitu mdomoni, msiweke oleanda, yote ni sumu, jani, ua, hata kijiti. Mbarika nayo, mbegu zake zinapendeza kama shanga na ni hatari kubwa. Yale maua makubwa ya tarumbeta yanayoning'inia, hapana. Mnyaa pia, utomvu wake ukiingia jichoni utajuta. Miiba ikae nyuma ya tuta, isiwe ukingoni.

Vifaa navyo. Mikono yangu ina baridi yabisi. Mpini mwembamba siwezi kuukaza, kwa hiyo nazungushia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, unanenepa na hautelezi. Keni ya lita 10 ni kilo 10 ukiijaza, na keni yenyewe juu yake. Nimenunua mbili za lita 3, natembea mara nyingi zaidi, silalamiki. Geti lisiwe na kitasa cha kuzungusha, weka cha kushusha kwa kiwiko.

---

Kiti_na_Koleo

Wakuu, mrejesho wa wiki ya nne.

Changarawe imeondoka, Mwananyasi amekuja kunisaidia kuibeba (ndiyo, yule yule). Njia sasa ina sentimita 120, imeshindiliwa mara mbili kama fundi alivyoagiza, kisigino hakiachi alama. Nimeifanya mzunguko, inatoka getini, inapita tuta, inapita benchi, inarudi. Pale kwenye kona kuna rozimari moja. Geti nimelipanua. Benchi lina mikono, na ubavuni mwake nimeacha uwanja mgumu wa sentimita 90 kwa 120 ili kiti cha shangazi kikae sambamba nasi, si mbele yetu kama mtu anayehojiwa. Bomba nimeliinua mpaka kimo cha mkono wa aliyekaa. Vichaka nimevishusha, ukikaa sasa unaona mpaka mwisho.

Miche bado naizoesha, leo ni siku ya tano: saa chache nje kivulini, kisha ndani kabla jalidi ya usiku haijashuka. Mpaka siku ya kumi itakuwa tayari kulala nje.

Alama za chaki zimebaki mbili. Nimejipongeza.

---

Magongo Mawili

Hongera kwa kweli. Shangazi umemuuliza?

---

Kiti_na_Koleo

Bado. Siku ni hiyo niliyosema.

---

Kiti_na_Koleo

Amekuja jana. Nieleze kama ilivyokuwa, hata kama Magongo Mawili atanicheka.

Tumefika getini. Nikasema, "Shangazi, leo ingia mwenyewe." Nikakaa pembeni nimekunja mikono kama fundi anayesubiri sifa. Akasogea, akanyoosha mkono wake, akausimamisha hewani. Kile kitasa cha kushusha kwa kiwiko nimekiweka kushoto. Kiharusi kilimchukua upande wa kushoto. Kiti nilichoazima mimi nilikiendesha kwa mikono miwili, wakuu. Miwili. Wiki sita nimepima kila kitu isipokuwa mtu mwenyewe.

Nikafungua mimi. Tukaingia, njia ikapokea magurudumu bila neno, hapo nilipumua. Tukafika kwenye tuta. Liko kushoto. Mnanaa, letasi, maua ya njano, vyote kushoto kwake, sentimita 20 tu kutoka kwenye ule mkono uliolala mapajani. Akaligeukia kwa shingo, akacheka, akasema, "Mwanangu, umenijengea nikiwa mzima."

Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza, akatazama njia inavyokwenda na kurudi, akauliza, "Hii si inazunguka?" Nikajibu inazunguka. "Basi nigeuze, tuanzie nyuma."

Tukarudi, tukaizunguka kinyume. Tuta likaja kuliani. Mlezi wa Babu, huo mzunguko uliousema kwa ajili ya babu yako ndio ulioniokoa. Shangazi alichuma jani la mnanaa mwenyewe, akalisugua kwa vidole, akaliweka nyuma ya sikio kama kalamu. Akapalilia palizi ya kama hatua mbili, polepole, magugu anayarundika kwenye mapaja yake. Nilipotaka kumsaidia alinipiga mkono kwa kile kijikoleo.

Kabla hajaondoka aliniomba chaki. Ameweka alama nne. Ya kwanza iko kwenye kitasa cha geti, na nimeshakifungua, kiko mezani hapa ninapoandika. Ya pili ni bomba, linafunguka kwa kuzungusha, anataka la kushusha. Ya tatu, benchi: uwanja wa kiti chake uko upande ambao jua la alasiri linampiga machoni. Ya nne sijaielewa, ameiweka katikati ya njia mahali ambapo sioni kasoro yoyote. Nimempigia simu asubuhi kumuuliza, anasema nikae kwenye kiti niende nikaone mwenyewe, na safari hii nitumie mkono mmoja.

---

Dogo Mche

Picha ya alama ya nne tafadhali.